Maisha ya August Wöhler, Mtu Aliyehesabu Vilele na Mabonde ya Nguvu

Wako watu mashuhuri ambao majina yao hutajwa kila siku darasani: wafalme, majemadari, na wasafiri waliovuka bahari. Wako na wengine ambao kazi yao hutulinda kila tupandapo gari la moshi, basi au ndege, lakini abiria hawawajui. Mmoja wao ni August Wöhler, Mjerumani aliyeishi miaka 94 na kutumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta jibu la swali moja: kwa nini chuma chenye nguvu, ambacho jana kilibeba mzigo bila shida, leo kivunjike chini ya mzigo ule ule?

Wanafunzi wa Fizikia watamwona Wöhler kuwa mwalimu mwema, maana alitufundisha namna ya kusoma habari za nguvu zinazopanda na kushuka. Lakini hata asiyependa hesabu atapata faida katika maisha yake.

UTOTO NA MASOMO

August Wöhler alizaliwa tarehe 22 Juni, 1819, katika mji mdogo wa Soltau, kaskazini mwa Ujerumani. Siku hizo Ujerumani haikuwa bado nchi moja, bali dola nyingi, kubwa na ndogo, na Soltau ulikuwa katika ufalme wa Hannover.

Alipozaliwa, Ujerumani haikuwa na gari la moshi hata moja. Watu walisafiri kwa miguu, kwa farasi na kwa magari ya kukokotwa. Mnamo 1830, alipokuwa mtoto wa miaka 11, Waingereza walifungua reli baina ya Liverpool na Manchester. Mwaka 1835, akiwa kijana wa miaka 16, gari la moshi la kwanza la Wajerumani lilianza kwenda baina ya Nuremberg na Fürth. Basi Wöhler na reli walikua pamoja, na mapenzi yake kwa mitambo yalianza wakati ambapo mitambo hiyo ilikuwa bado jambo geni.

Alisoma ufundi katika chuo cha Hannover. Baadaye akaenda Berlin kufanya kazi katika karakana ya Borsig, iliyokuwa ikianza kuunda injini za gari la moshi. Mwaka 1843 alikwenda Ubelgiji kujifunza kuendesha injini hizo, kisha akarudi Hannover kuitumikia reli mpya ya huko. Angaliani jambo hili: mtu huyu hakuridhika na kusoma habari za injini vitabuni. Alishika mwenyewe mtambo, akajua moto wake, kelele zake na mtikisiko wake.

MSIBA WA VERSAILLES

Mwaka mmoja kabla ya safari hiyo ya Ubelgiji, msiba mkubwa ulikuwa umetokea Ufaransa. Tarehe 8 Mei, 1842, watu wengi walikuwa wakirudi Paris kwa gari la moshi baada ya sherehe za mfalme huko Versailles. Njiani ekseli ya injini ya mbele ilivunjika. Ekseli ni ule mti wa chuma unaoshika magurudumu mawili, moja upande huu na jingine upande wa pili. Injini ikaanguka, mabehewa yakapandana juu yake, na moto ukashika. Milango ilikuwa imefungwa kwa nje, kama ilivyokuwa desturi, na watu zaidi ya hamsini walikufa. Miongoni mwao alikuwa Dumont d'Urville, baharia mashuhuri aliyesafiri mpaka bahari za barafu za kusini akarudi salama.

Msiba huo uliwatia mafundi wa Ulaya hofu na aibu. Ekseli zao zilikuwa nene, nazo zilipojaribiwa kwa kuvutwa mara moja zilionekana kuwa na nguvu mara nyingi kuliko mzigo zilioubeba. Hata hivyo zilikuwa zikivunjika, tena kwa ghafula, bila kupinda kwanza na bila kutoa dalili iliyoonekana kwa macho ya mpita njia.

Watu wakatafuta sababu. Wengi walisema kwamba kutikiswa sana hugeuza chuma ndani, kikawa chembe chembe kama chumvi, kwa sababu mahali palipovunjika palionekana kung'aa kwa chembe. Lakini fikira hiyo haikuwa sawa. Mwaka 1843 Mskoti mmoja, William Rankine, alieleza kwamba ekseli zilizovunjika zilikuwa zimeanza kwa ufa mdogo, hasa pale ambapo unene wa ekseli hubadilika ghafula, na ufa huo ukaingia ndani pole pole mpaka chuma kilichosalia kikashindwa. Wahenga wetu husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa haukubomoa ukuta, uliua watu.

Hata hivyo maelezo hayo hayakumwambia fundi mambo aliyoyahitaji. Ekseli iwe nene kiasi gani? Ibebe mzigo gani? Itumike muda gani kabla ya kutolewa? Majibu ya maswali hayo yalihitaji kipimo, nacho kipimo kilihitaji mtu mwenye subira.

MKUU WA MITAMBO

Mwaka 1847 Wöhler alipewa ukuu wa injini na mabehewa katika reli iliyotoka Berlin kwenda Breslau, mji ambao leo huitwa Wrocław na umo katika nchi ya Poland. Kituo chake kilikuwa Frankfurt, si ule mji mkubwa wa biashara unaojulikana sana, bali Frankfurt ya kando ya mto Oder, mashariki mwa Ujerumani. Alikuwa na miaka 28 tu.

Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila injini na kila behewa linalotoka stesheni lifike salama. Kila ekseli iliyovunjika katika njia yake ilikuwa jambo lake. Serikali ya Prussia nayo ilitaka kujua sababu za kuvunjika kwa ekseli, na Wöhler akaingia katika uchunguzi huo kwa moyo wake wote.

Kwanza alijiuliza jambo lililo wazi, ambalo wengine walikuwa wamelipita: ekseli ikiwa safarini hupata nguvu kiasi gani hasa? Si nguvu ya kukisia mezani, bali nguvu yenyewe, gari likiwa mbioni, likipita kwenye maungio ya reli na likikata kona.

Kwa ajili hiyo alitengeneza chombo rahisi. Alifunga bamba la zinki pamoja na ekseli, na karibu yake akaweka sindano ya chuma iliyounganishwa na gurudumu. Ekseli ilipopinda kwa uzito na mtikisiko, sindano ilichora mkwaruzo juu ya bamba. Kadiri ekseli ilivyopinda zaidi, ndivyo mkwaruzo ulivyokuwa mrefu zaidi. Safari ilipokwisha, Wöhler alilitoa bamba, akaupima mkwaruzo, akajua mpindo mkubwa kuliko yote uliotokea njiani. Kisha karakanani aliipinda ekseli kama ile kwa nguvu alizozijua, akafananisha, akapata kiasi cha nguvu iliyofanya mkwaruzo ule.

Fikirini uzuri wa chombo hicho. Hakikuwa na umeme, wala karatasi ya kuzunguka, wala saa. Kilifanya jambo moja tu: kilitunza kilele. Mitikisiko midogo maelfu na maelfu ilipita juu ya mchoro ule ule, lakini ncha ya mkwaruzo ilibaki kuwa ushuhuda wa nguvu kubwa kuliko zote.

KILELE NA BONDE

Sasa tueleze jambo lililo kiini cha kazi yake. Uzito wa behewa huzikandamiza ncha mbili za ekseli, nayo magurudumu huisukuma kwa juu. Kwa hiyo ekseli hupinda kidogo sana, kama upinde. Upande wake wa juu huvutwa, na upande wa chini hubanwa. Lakini ekseli huzunguka. Chembe ya chuma iliyokuwa juu ikivutwa, baada ya nusu mzunguko iko chini ikibanwa. Kisha hurudi juu.

Tukichora nguvu inayoipata chembe hiyo, mchoro hupanda mpaka kilele, hushuka mpaka bonde, hupanda tena, kama vilima vya Usambara vinavyoonekana kwa mbali. Kila mzunguko mmoja wa gurudumu ni kilele kimoja na bonde moja.

Je, hutokea mara ngapi? Tuseme gurudumu lina upana wa mita 1. Kila mzunguko huchukua mita 3 na kidogo. Safari ya gari la moshi kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, ambayo ni kilomita kama 1,250, ni mizunguko karibu 400,000. Safari tatu ni zaidi ya mara milioni moja. Hapo mtaona kwamba kupima chuma kwa kukivuta mara moja mpaka kikatike hakutoshi kutuambia habari za chuma kinachovutwa na kubanwa mara milioni. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kila mwanafunzi aliyewahi kutaka kukata waya bila koleo anaijua siri hii. Hawezi kuukata kwa kuuvuta. Huupinda huku na huku, huku na huku, mpaka ukakatika, ingawa kila mpindo mmoja peke yake haukuwa na nguvu ya kuukata. Mafundi huliita jambo hili uchovu wa metali. Lakini neno hilo lisitudanganye. Mtu aliyechoka akilala hupata nguvu zake tena, bali chuma kilichoanza kupasuka hakiponi kwa kupumzishwa.

MASHINE ZAKE

Baada ya kujua nguvu za safarini, Wöhler alijenga mashine za kujaribia. Mashine yake iliyo mashuhuri kuliko nyingine ilizungusha vipande vya majaribio vilivyotokeza pande mbili, na ncha ya kila kipande ilivutwa na springi iliyopimwa. Kipande kilipinda, kikazunguka, kikavutwa na kubanwa sawasawa na ekseli ya gari. Chombo cha kuhesabia kilihesabu mizunguko mpaka kipande kikavunjika.

Kisha alichukua kipande kingine cha chuma kile kile, akapunguza nguvu kidogo, akaanza tena. Kisha kingine. Kila alipopunguza nguvu, mizunguko iliongezeka: kwanza maelfu, kisha malaki, kisha mamilioni. Kazi hiyo haikuwa ya siku moja. Hata mashine ikizunguka mara 70 kwa dakika, usiku na mchana bila kusimama, mara milioni moja ni siku kumi hivi, na milioni kumi ni zaidi ya miezi mitatu, nayo ni kwa kipande kimoja tu. Wöhler aliendelea na majaribio yake miaka zaidi ya kumi.

Hakuishia kwenye mashine ya kuzungusha. Alitengeneza nyingine za kuvuta na kulegeza, nyingine za kusokota, na nyingine za kupinda upande mmoja tu. Kwa hizo aliweza kuchagua kilele apendacho na bonde apendalo, kila kimoja peke yake. Hapo ndipo alipopata ugunduzi wake mkubwa.

ALIYOYAGUNDUA

Mwaka 1870 Wöhler alitoa muhtasari wa kazi yake. Vipimo vyake vilikuwa vya zamani vya Kiprussia: Zentner, ambayo ni kilo 50, kwa kila Zoll moja ya mraba, na Zoll ni sentimita 2.6 hivi. Kwa chuma cha kufuliwa aliona kwamba kingeweza kustahimili marudio mengi sana bila kuvunjika katika hali hizi tatu:

Kwanza, kilele cha kuvutwa 160 na bonde la kubanwa 160. Tofauti ni 320.
Pili, kilele 300 na bonde 0. Tofauti ni 300.
Tatu, kilele 440 na bonde 240. Tofauti ni 200.

Kwa chuma cha pua kilichotumika kwa ekseli, hali zilikuwa hizi:

Kwanza, kilele cha kuvutwa 280 na bonde la kubanwa 280. Tofauti ni 560.
Pili, kilele 480 na bonde 0. Tofauti ni 480.
Tatu, kilele 800 na bonde 350. Tofauti ni 450.

Someni tena tarakimu hizo pole pole. Mtu anayetazama kilele peke yake atashangaa. Chuma kile kile kinavumilia 440, na mahali pengine kikizidishiwa 160 kinavunjika! Lakini anayetazama kilele pamoja na bonde lake huelewa. Panapo kilele 440, nguvu haishuki chini ya 240, kwa hiyo mwendo wa kupanda na kushuka ni mdogo. Panapo kilele 160, nguvu hushuka mpaka upande wa pili kabisa, na mwendo wake ni mkubwa.

Basi Wöhler alifundisha mambo matatu. La kwanza, chuma huweza kuvunjwa na nguvu ndogo kuliko ile inayokivunja mara moja, ikiwa nguvu hiyo hurudiwa mara nyingi. La pili, kinachodhuru zaidi ni tofauti baina ya kilele na bonde. La tatu, kilele kikiwa juu zaidi, tofauti inayoruhusiwa hupungua. Aliona pia kwamba kwa chuma chake ulikuwako mpaka: nguvu zikiwa chini yake, kipande kilizunguka na kuzunguka bila kuvunjika. Twajua sasa kwamba metali nyingine, kama alumini, hazina mpaka ulio wazi hivyo.

Tena alithibitisha ubaya wa kona kali. Ekseli iliyopunguzwa unene ghafula, ikaacha kona, ilivunjika mapema kuliko ile ambayo kona yake ilikatwa kwa mviringo. Ndiyo sababu mafundi hodari hulainisha kona za vitu vinavyobeba nguvu. Si urembo, ni uhai.

UZEE WAKE

Mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya mataifa mjini Paris, watu waliviona vipande vya chuma vilivyovunjwa na mashine za Wöhler, na habari zake zikaenea mpaka Uingereza. Baada ya miaka 22 ya kazi, mwaka 1869, aliiacha reli ya Frankfurt akaenda Berlin kusimamia kiwanda cha vifaa vya reli. Mwaka 1874 alihamia Strassburg, mji ambao leo ni Strasbourg wa Ufaransa, lakini wakati huo ulikuwa mikononi mwa Wajerumani. Huko alikuwa miongoni mwa wakuu wa reli mpaka alipostaafu mwaka 1889.

Katika miaka hiyo hakuacha kusisitiza jambo moja: chuma kinachouzwa kipimwe kwa kanuni zinazojulikana, na ziwepo nyumba za serikali za kupimia, ili mnunuzi asitegemee sifa za muuzaji peke yake. Fikira hiyo leo yaonekana ya kawaida, lakini zamani hizo chuma kilinunuliwa kwa jina la kiwanda na kwa kuaminiana.

August Wöhler alifariki Hannover tarehe 21 Machi, 1914, miezi michache kabla ya vita kuu ya kwanza. Mwenyewe alikuwa ameandika matokeo yake katika majedwali. Waliomfuata waliyachora, nguvu upande mmoja na idadi ya marudio upande wa pili, wakapata mstari unaoteremka. Mpaka leo mafundi wa dunia nzima huuita mstari wa Wöhler.

ALIPOSAHAULIWA NA ALIPOKUMBUKWA

Aliyofundisha Wöhler si mambo ya reli tu. Mwaka 1952 Waingereza walianza kupeleka abiria kwa ndege mpya ya jeti iitwayo Comet, kutoka London mpaka Johannesburg, ikipitia Entebbe, Uganda. Ilikuwa ndege ya fahari, yenye mwendo wa kasi. Ilipopaa juu sana hewa ya ndani iliuvimbisha mwili wake, na iliposhuka mwili ulinywea. Kila safari ilikuwa kilele kimoja na bonde moja.

Tarehe 10 Januari, 1954, Comet moja ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, Italia. Tarehe 8 Aprili mwaka ule ule, nyingine ilianguka baharini kusini ya Naples. Wote waliokuwamo walikufa. Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, waliutumbukiza mwili wa Comet nyingine katika tangi kubwa la maji, wakaujaza na kuulegeza kwa maji mara kwa mara, kama Wöhler alivyofanya kwa vipande vyake. Baada ya marudio 3,000 na zaidi, tukihesabu na safari ilizokwisha kuruka, mwili ulipasuka, na ufa ulikuwa umeanzia kwenye kona ya tundu. Kona tena! Tangu hapo ndege huhesabiwa safari zake na kukaguliwa nyufa kabla hazijawa kubwa.

NAMNA YA KUTAFUTA VILELE NA MABONDE

Leo mashine ya kujaribia huandika nguvu kwa tarakimu maelfu kwa muda mfupi, na kompyuta huzisoma. Lakini kanuni ni nyepesi, na mwanafunzi aweza kuijaribu kwa penseli. Haya ni mafano ya vipimo vya nguvu, kwa kilonyutoni, tulivyovitunga kwa zoezi:

5, 7, 9, 12, 10, 10.2, 7, 3, 5, 8, 8, 6, 2, 6, 10, 4

Kilele ni tarakimu iliyo kubwa kuliko jirani zake wa pande mbili. Bonde ni ile iliyo ndogo kuliko jirani zake. Anzeni. Namba 12 ni kilele. Baada yake 10 yaonekana kuwa bonde, na 10.2 yaonekana kuwa kilele. Lakini tofauti yake ni 0.2 tu! Huenda ni mtikisiko wa mashine, wala si nguvu ya kweli. Kwa hiyo mpimaji huweka kiasi kabla ya kuanza, tuseme 1, na mwendo ulio mdogo kuliko kiasi hicho huuacha. Kiasi hicho hakichaguliwi kwa kupenda. Huchaguliwa kwa kuutazama mtikisiko wa mashine isipobeba kitu.

Tukiendelea, 3 ni bonde. Kisha 8 na 8: hakuna iliyo kubwa kuliko mwenzake, lakini zote mbili zimezidi jirani zao wa nje. Hicho ni kilele kipana, nacho huhesabiwa mara moja tu. Kisha 2 ni bonde, na 10 ni kilele. Tarakimu za mwanzo na mwisho, 5 na 4, zina jirani mmoja tu, lakini huandikwa kuwa mwanzo na mwisho wa mwendo. Tunapata basi: 5, 12, 3, 8, 2, 10, 4.

Sasa mtego. Mwenye haraka ataona mshuko mkubwa ni kutoka 12 mpaka 3, yaani 9. Lakini tazameni vizuri. Nguvu ilishuka kutoka 12, ikapanda kidogo mpaka 8, kisha ikaendelea kushuka mpaka 2. Mwendo wa 3 na 8 ni kilima kidogo ndani ya mteremko mkubwa. Tukikihesabu peke yake na kukiondoa, tunabaki na 5, 12, 2, 10, 4, na mshuko wa kweli ni 12 mpaka 2, yaani 10. Njia hii ilielezwa na Wajapani Matsuishi na Endo mwaka 1968, nayo huitwa njia ya mtiririko wa mvua, kwa sababu wakiugeuza mchoro wima huonekana kama mapaa yaliyopangana, na maji ya mvua yakitiririka kutoka paa hili hata lile.

Yako na makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kupima kwa nadra, kilele kikapita baina ya vipimo viwili bila kuonekana. La pili ni kulainisha mchoro kupita kiasi ili upendeze, maana anayelainisha sana hukata vichwa vya vilele, na fundi akadhani nguvu ilikuwa ndogo. Mchoro mzuri usio wa kweli ni hatari kuliko mchoro mbaya wa kweli.

MAFUNZO KWETU

Tunajifunza nini katika maisha ya August Wöhler? Kwanza, hakukisia. Wengine walipobishana juu ya chembe za chuma, yeye alifunga bamba la zinki chini ya behewa akaiacha ekseli iseme yenyewe. Pili, alikuwa na subira. Mvumilivu hula mbivu, naye alingoja mamilioni ya mizunguko kabla ya kusema neno. Tatu, alikumbuka kwamba nyuma ya kila tarakimu walikuwako watu: mama na watoto wake ndani ya behewa, fundi wa moto, dereva.

Miongoni mwenu wanafunzi wamo watakaokuwa mafundi wa madaraja, wa mabasi na wa mitambo. Siku moja mtapewa karatasi yenye tarakimu za nguvu, na mtu mwenye haraka atawataka mtie sahihi. Tafuteni kwanza kilele, kisha tafuteni bonde lake, ndipo mtie sahihi. Na wazazi wanaosoma kurasa hizi, mnapomwona mtoto akiupinda waya huku na huku na kuhesabu mpaka ukatike, msimkemee upesi. Huenda anafanya kazi aliyoifanya mkuu wa mitambo wa Frankfurt.